Jini Thuwaini Katika Soko la Jumatano

Mzee Khelef bin Maen hakupata kuona maandishi akayapita bila ya kuyasahihisha. Tangazo la kilabu cha mpira, kadi ya harusi, kibandiko cha bei dukani, vyote vilionja kalamu yake nyekundu, na wenye maduka wa Ibra walikwisha jifunza kumwuliza habari za afya huku wakisimama mbele ya vibandiko vyao. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja Oman akiwa kijana mwenye nguvu asiyejua kuandika ila jina lake. Kutwa alikuwa akipakua mifuko ghalani, na jioni anakwenda darasani na mikono inayonuka saruji. Cheti cha masomo hayo ya jioni kilitundikwa sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo nyumba nyingine huweka saa. Kiswahili cha vitabuni alijifundisha mwenyewe kwa kamusi mbili zilizochanika. Na alipofika miaka sitini na sita alikwenda tena jioni kusoma kompyuta, akakaa dawati moja na kijana aliyekuwa akimwita "ami" na kumnakilia majibu.

Basi mwaka wa 2004, mwezi wa Agosti, tende zikiwa tayari zimeanza kuanikwa, mjukuu wake Yaqeen alimjia na madaftari matatu yaliyofungwa kwa mpira. Yaqeen alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, yuko likizo kutoka chuo cha Nizwa, na alikuwa ameandika riwaya. Huko Mombasa kulikuwa na mashindano ya riwaya za vijana na siku za kupokea zilikuwa karibu kwisha. Baba yake, Nasr, angekuja kutoka Maskati Alhamisi kwa chakula cha mchana, akiondoka auchukue mswada ampe jamaa yao anayesafiri jioni ile ile.

"Babu, kitabu yangu hii..."

"Kitabu changu hiki," alisema mzee.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nichapie, usahihishe ngeli tu. Hadithi usiiguse."

"Kwani mimi nagusa hadithi za watu?"

"Kadi ya harusi ya ami Nadhir uliongeza aya mbili."

"Zilikuwa zimekosekana."

Alikubali, ila kwa sharti moja: ukurasa wa mbele, chini ya jina la mwandishi, paandikwe kwamba kitabu kimesahihishwa na Khelef bin Maen. Yaqeen alikubali upesi, upesi kuliko mzee alivyotarajia, akambusu kichwani akaenda zake.

Mzee alianza kuchapa Jumamosi, na kabla ya adhuhuri akasahau kwamba kazi yake ni ngeli. Hadithi ilimhusu Wadha, msichana wa miaka ishirini, binti wa arifu, yaani yule msimamizi anayegawa zamu za maji ya falaji, mfereji unaonywesha mitende. Chini ya falaji hiyo kulikuwa na mji wa majini, na sultani wao alikuwa na binti aitwaye Zabarjadi. Sheria ya zamani ilisema kwamba mtu wa juu ya maji na mtu wa chini ya maji wakipendana, falaji itakauka na mitende yote itakufa imesimama. Zabarjadi alipanda juu mara ya kwanza mahali wanawake wanapoogea. Mara ya pili alikuja soko la Jumatano, lile la wanawake peke yao, akatandika mkeka akauza bukhuri yenye harufu ambayo hakuna bibi aliyeweza kuitaja jina.

Mambo ya majini hayakumshughulisha mzee. Majini walikuwako Ibra kabla ya lami. Alisahihisha ngeli arubaini na moja katika sura ya kwanza, na alasiri akawasomea sura hiyo mkewe, Bi Fakhriya, na jirani yao Bi Badriya, waliokuwa wakikaa barazani kila siku wakishona kofia. Wanawake wale walimpenda Zabarjadi papo hapo. Jumapili hawakungoja waitwe; walimkuta mzee kwenye kompyuta wakamwuliza mtoto wa sultani kafika wapi.

Jumatatu akafika sura ya tano. Katika sura ya tano Wadha alimshika Zabarjadi mkono, akamwambia kwamba nyota mbinguni ni nyingi, lakini yeye hana tena haja ya kutazama juu.

Mzee alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kwanza alijiambia labda ni ndugu. Akarudi nyuma kurasa thelathini kutafuta kama wasichana hawa waliwahi kunyonya ziwa moja. Hawakunyonya. Akajiambia ni mashoga tu wapendanao, kama wasichana wote, akaendelea mbele kidogo, akakuta Wadha halali usingizi, hali chakula, na amemkataa mchumba wa kwanza kwa sababu hakunuka ile bukhuri. Hapo mzee alikwenda jikoni akanywa maji, akiwa amesimama, jambo ambalo huwakataza wajukuu.

Yaqeen hakumjia akilini kabisa wakati ule. Kilichomjia ni ukurasa wa mbele: kimesahihishwa na Khelef bin Maen. Mwenyewe ndiye aliyeushikilia. Mombasa yote ingelisoma jina lile, na Unguja si mbali na Mombasa, na Malindi bado wako watu wanaomjua mama yake. Aliwaza kwamba kusahihisha kuna daraja. Kuna kusahihisha neno, na kuna kusahihisha jambo. Alikubali kutogusa hadithi, kweli. Lakini mtu akimwona mwenziwe anakwenda shimoni na kilemba kimempinda, atanyoosha kilemba tu?

Basi akaamua kwamba Zabarjadi awe mwanamume. Akamchagulia jina zito, la watu wa ukoo, ambalo mzazi yeyote akilisikia mlangoni atasema karibu: Thuwaini. Katika darasa la kompyuta alifundishwa amri ya kutafuta neno na kulibadilisha kila lilipo. Alibonyeza. Kompyuta ikafikiri kwa muda wa mtu kupiga chafya, ikamjibu kwamba imebadilisha mahali mia tatu na kumi na mbili. Mzee alijiona kama mtu aliyejenga ukuta kwa kidole kimoja. Hakutazama alichokijenga.

Jumanne alasiri alikaa barazani na karatasi zilizotoka kwenye mashine, akasafisha koo, akaanza. Wadha alikuwa anakosha nguo falajini, mahali pa wanawake, na mara maji yakafunguka, akapanda Thuwaini, nywele zake ndefu zimesukwa, furungu miguuni zinalia.

Sindano zilisimama.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Badriya.

Mzee alisema ni Thuwaini, mwana wa sultani wa majini.

"Na Zabarjadi kenda wapi?"

"Amesafiri."

"Bila ya kuaga?"

Mzee alisema majini hawaagi, akaendelea kwa sauti kubwa zaidi. Thuwaini akakaa juu ya jiwe kati ya wanawake, akamtia bibi mmoja hina ya mgongoni mwa mkono. Bi Badriya aliweka kofia chini. Alitaka kujua wanawake wengine waliokuwa pale wanafanya nini, wamekufa? Mwanamume kaingia wanakoogea, na wao wanampa mkono awatie hina? Mzee, ambaye jasho lilikuwa limeanza kumtoka, alieleza kwamba hawakumwona, kwa kuwa jini huweza kujificha. Bi Badriya alisema hilo ni baya mara mbili, kwani anayeonekana hufukuzwa. Mzee akajaribu kusema kwamba labda alivaa nguo za kike. Alipoliona jicho la mkewe, alilirudisha neno hilo lilikotoka.

Bi Fakhriya hakuwa msemaji. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Umemharibia jina mtoto wa watu. Jana Wadha alikuwa msichana wa heshima ana rafiki. Leo anakutana na mwanamume bafuni."

Mzee alichukua karatasi zake akaingia ndani. Alikuwa hodari wa kutengeneza, basi akakaa atengeneze. Kama si mahali pa kuogea, wakutane wapi? Akauzunguka mji mzima kwa kichwa. Msikitini, hapana. Majlisi, Wadha haingii. Mashambani, yuko na kaka zake. Soko la siku nyingine, yuko na baba yake. Soko la Jumatano, Thuwaini haingii. Alijaribu kuwakutanisha njiani Samail, ndani ya gari iliyoharibika, lakini hadithi ilikuwa ya zamani na gari hakuna. Kila mahali alipowaweka, palitokea shangazi. Hadithi nzima ya Yaqeen ilikuwa inaishi katika nusu ya mji ambayo yeye, kwa miaka thelathini na zaidi, alikuwa akiipeleka kwa gari, akaishusha mlangoni, akaingoja nje.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Kama kawaida aliwapakia Bi Fakhriya na Yaqeen kwenye pikapu, akawashusha sokoni, akaegesha kivulini. Mara akaona kwenye kiti miwani ya Bi Fakhriya. Siku nyingine angeliiacha. Siku ile aliona ni riziki: angeingia hatua tano tu, atoe miwani, na kwa jicho la mtaalamu atazame kama kuna pembe ambayo mwanamume mmoja, wa heshima, angeweza kusimama.

Alipiga hatua tisa. Kikongwe aliyekuwa akiuza ubani, amekaa nyuma ya kikapu chake, alinyoosha bakora ikamzuia kifuani kama lango.

"Umepotea, baba?"

Mzee alieleza kwa Kiarabu chake cha darasani kwamba analeta miwani, na pia anafanya utafiti. Neno la pili ndilo lililomponza. Kikongwe aliwaeleza wenzake kwamba huyu anatafiti, na habari ikapita mkeka kwa mkeka mpaka mwisho wa soko, na kila ilikopita ikaacha kicheko. Mmoja alimwambia kama anataka kutafiti avae barakoa kwanza. Mwingine aliuliza ana mke, na alipojibiwa anaye, akasema basi hajamtosha kumtafiti.

Na katikati ya fedheha hiyo, juu ya mabega ya wanawake, mzee alimwona Yaqeen. Alikuwa amekaa mkekani kwa muuza bukhuri, pamoja na Dalal, yule rafiki yake waliyesoma naye Nizwa, aliyekuwa akija nyumbani kila wiki na kuitikiwa shikamoo yake bila ya mtu kumtazama mara mbili. Dalal alikuwa amemaliza chuo, amepata kazi ya ualimu Sur, na angehamia huko mwezi unaokuja. Alikuwa anamjaribisha Yaqeen bangili. Yaqeen alisema kitu, na Dalal akacheka, akaficha mdomo kwa kiwiko cha mkono kwa sababu ana jino la mbele lililovunjika kidogo.

Sura ya tatu, ukurasa wa sitini na nne. Zabarjadi hucheka akificha mdomo kwa kiwiko, kwani jino lake moja limemeguka kwa kuuma lulu. Mzee mwenyewe alikuwa ameweka hapo koma.

Alimtazama mjukuu wake. Yaqeen alikuwa anaitazama ile bangili, na uso wake ulikuwa wa mtu asiye na haja ya kutazama juu.

Bakora ya kikongwe ilimsukuma kidogo, na mzee akatoka kinyumenyume, miwani ya mkewe bado mkononi.

Njia ya kurudi Bi Fakhriya, aliyekwisha pata habari yote kutoka mikeka sita, hakumsumbua mzee. Walipofika mzee alikwenda kulala, hakupata usingizi, akaamka akamkuta Yaqeen amesimama mbele ya kompyuta na karatasi mkononi. Alikuwa amekuja kumtania kuhusu utafiti. Sasa alikuwa anasoma habari za Thuwaini mwenye furungu.

Kwanza alicheka, akacheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikamwishia njiani.

"Nilikupa wewe kwa sababu baba angesoma angechana," alisema. "Nikajua babu atatafuta makosa ya ngeli, basi. Nikajua wewe utakiona kitabu, hutaniona mimi."

Mzee angeweza kumwambia kwamba alifanya kwa ajili ya heshima yake. Lakini lilikuwa ni jina lake yeye mzee, ukurasa wa mbele, aliloogopea, na mtu aliyesoma kwa taabu hawezi kusema uongo mdogo mbele ya maandishi. Alimwambia tu kwamba daftari la tatu bado hajalichapa, atalichapa leo, na kesho asubuhi Zabarjadi atarudi alipokuwa, mahali mia tatu na kumi na mbili. Yaqeen alimwuliza, na jina lake yeye mzee je, aliondoe pale mbele?

"Liache," alisema mzee. "Likuze herufi."

Akachapa mpaka magharibi, akaswali, akaendelea mpaka isha. Daftari la tatu lilikuwa la huzuni. Majini na watu walijua siri, ndugu wa Wadha wakaapa, sultani wa chini akapiga ngoma ya hasira, na Zabarjadi akashuka ndani ya maji asirudi. Katika sura ya mwisho arifu alimwoza binti yake kwa mtu mwenye mashamba, na mzee alicheka puani kuona kwamba mwenye mashamba naye Yaqeen alimwita Thuwaini. Alimwelewa. Ni jina la kuitikiwa karibu. Vidole vyake vilikuwa vimechoka; aliandika nukta ya mwisho akazima mashine.

Alhamisi baada ya kunywa kahawa alikaa, akapiga bismillahi, akaiamuru kompyuta imtafute Thuwaini popote alipo imrudishe kuwa Zabarjadi. Ikajibu: mahali mia tatu na thelathini na tisa. Mzee aliona hesabu imezidi, lakini Nasr alikuwa keshapiga simu kwamba ameipita Samad, na mashine ya kuchapisha ilikuwa ya polepole. Akaiachia karatasi.

Yaqeen alizipokea zikiwa bado za moto, akaanza kusoma kutoka mwisho, kama wasomavyo waandishi.

"Babu, sikuandika hivi."

Mzee alivaa miwani akasoma. Zabarjadi akashuka ndani ya maji asirudi. Ijumaa ya pili Zabarjadi alifika mlangoni kwa arifu, pamoja na wazee kumi na wawili wa ukoo wake, ndevu zake zimefukizwa udi, akamposa Wadha. Arifu alisema karibu. Wanawake walipiga vigelegele siku tatu, mji mzima ukala harisi, na Wadha akatabasamu, kwa sababu watu wote walikuwa wakimtazama. Na maji ya falaji yakaendelea kupita kama kawaida.

Mzee aliomba radhi, akasema ni kompyuta imemgeuza hata Thuwaini mwenye mashamba, kisha akasema si kompyuta ni yeye, akatoa kalamu nyekundu. Bado kulikuwa na wakati, ni ukurasa mmoja na nusu.

Yaqeen aliuwekea ukurasa kiganja chake. "Kosa liko wapi?"

Mzee alisoma tena, safari hii kama msahihishaji. Ngeli zilikuwa sawa. Vituo vilikuwa mahali pake.

"Sheria," alisema mwisho. "Mtu wa juu na mtu wa chini wakipendana falaji itakauka. Na hapa wameozwa, na maji yanapita."

"Yanapita," alisema Yaqeen.

Mzee alikuwa ameishi na falaji miaka mingi, amenunua zamu za maji, amegombana na arifu wa kweli. Aliutazama mstari ule wa mwisho, ambao jana aliuchapa ukiwa mstari wa mtu aliyekata tamaa, na ambao hakuna herufi yake iliyobadilika.

"Basi sheria ilikuwa ya uongo," alisema.

Nje honi ya Nasr ililia. Mzee aliinama juu ya karatasi. Alikata neno "asirudi". Akafikiri, akakata na ndevu. Akampa Yaqeen achape ukurasa ule upya.

Wakati wa chakula Nasr, mtu wa ofisini, mwenye haraka hata ya kumeza wali, aliipima bahasha kwa mkono akauliza kitabu kinahusu nini. Yaqeen aliacha kutafuna.

"Kinahusu falaji," alisema mzee. "Na soko la Jumatano. Wewe huwezi kuingia, usijisumbue. Mimi nimejaribu."

Bi Fakhriya alimsogezea mwanawe samaki akamwambia ale. Nasr akafungua bahasha kidogo, akatazama ukurasa wa mbele tu, akasema baba, jina lako kubwa kuliko la mwandishi. Mzee akajibu kwamba ndivyo desturi ya wasahihishaji, na Nasr, ambaye hakuwa na hoja dhidi ya cheti cha juu ya televisheni, akaifunga.

Gari ilipoondoka, mzee alibaki uani anaizunguka pikapu yake, anaipiga magurudumu kwa kiatu. Alisema, bila ya kumtazama mtu, kwamba injini hii inakufa kwa safari fupifupi za sokoni. Inataka kupashwa moto kwa njia ndefu, kama ya Sur, angalau kila wiki mbili. Yeye angekaa mkahawani huko huko asome gazeti. Asiyekuwa na kazi na aje aifuate njia.

Yaqeen alisema yeye hana kazi. Kisha akakimbilia ndani kupiga simu.

Bi Badriya, barazani, aliuliza kama Zabarjadi amerudi safari. Mzee alimwambia amerudi na ameolewa.

"Na nani?"

"Soma kitabu," alisema mzee.

Bi Badriya alimkumbusha kwamba yeye hajui kusoma. Mzee Khelef alivuta kiti, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akamwambia darasa la jioni linaanza Jumamosi, hapa hapa, na Bi Fakhriya alete madaftari.